Ahabu mpaka Yehu: miaka 12 au 14?

Swali: Shikamoo mwalimu. Kwenye vitabu vya Wafalme katika Biblia, Ahabu mfalme wa Israeli akifa anakuja Ahazia miaka 2, Yehoramu miaka 12, ndo anaingia Yehu. Jumla 14. Mbona wanahistoria wanasema ni 12 tu? Nani kakosea?

Jibu: Marahaba. Hapo hakuna aliyekosea, na ni swali zuri sana.

Tuanze na Ashuru, dola kubwa ya enzi zile. Wao kila mwaka waliupa jina la ofisa mmoja na orodha zao tunazo, sasa kwenye mwaka wa Bur-Sagale wameandika jua lilipatwa, wataalamu wa nyota wakapiga hesabu wakapata 15 Juni 763 KK, ukishaupata huo mwaka unahesabu tu kurudi nyuma na kwenda mbele. Mfalme wao Shalmaneser wa 3 anamtaja Ahabu kwenye vita vya Qarqar mwaka wa 6 wa utawala wake, yaani 853, halafu mwaka wa 18, yaani 841, anapokea kodi ya Yehu. 18 toa 6 ni 12.

Sasa fungua Biblia usome taratibu. 1 Wafalme 22:51, Ahazia anaanza mwaka wa 17 wa Yehoshafati, mfalme wa ufalme jirani wa Yuda, anatawala miaka 2. Nenda 2 Wafalme 3:1, ndugu yake Yehoramu anaanza mwaka wa 18 wa Yehoshafati huyohuyo! Kutoka 17 mpaka 18 ni mmoja, ila imeandikwa 2. Maana yake Samaria, mji mkuu wa Israeli, enzi zile mfalme akifa katikati ya mwaka, mwaka ule ulihesabiwa kwake na pia kwa anayemrithi, unaandikwa mara mbili. Kwa hiyo Ahazia mtoe mmoja, Yehoramu mtoe mmoja, unabaki na 12 kamili, na Ahabu atakuwa amekufa mwaka uleule wa Qarqar.

Ila usidhani dawa hii inatibu kila kitu. 2 Wafalme 18 inasema Samaria ilianguka mwaka wa 6 wa Hezekia mfalme wa Yuda, na Senakeribu mfalme wa Ashuru akaja kuivamia Yuda mwaka wa 14, tofauti miaka 8, wakati kwa kumbukumbu za Ashuru Samaria ni kama 722 na Senakeribu ni 701, na alikuwa hajawa hata mfalme kabla ya 705. Wengine wanasema ule wa 6 unahesabiwa tangu Hezekia alipotawala pamoja na baba yake Ahazi na ule wa 14 tangu alipobaki peke yake, inawezekana, ila mstari wenyewe hausemi hivyo na mimi siwezi kukuapia. Tukio lenyewe halina ubishi, Senakeribu naye anaandika alichukua talanta 30 za dhahabu kwa Hezekia, kama 18:14 inavyosema.