Bibi akiamka saa nane usiku akitaka kwenda shamba

Mgonjwa wa dimenshia, yaani maradhi ya ubongo yanayoondoa kumbukumbu, akianza kuamka usiku wa manane, akajifunga kanga na kuulizia jembe lake, familia nyingi hukimbilia kununua saa kubwa ya ukutani. Haisaidii sana. Mshale mfupi ukiwa kwenye mbili sisi tunasema saa nane, lakini nane ya mchana au ya usiku? Uso wa saa hausemi. Saa ya kidijitali inayoonyesha 14:00 ndiyo mbaya zaidi: inamtaka mzee atoe sita kichwani, na hesabu ni miongoni mwa vitu vinavyompotea mapema.

Kazi kubwa ya kuutuliza usiku hufanyika asubuhi. Ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapopishana, kuna kifungu kidogo cha seli kinachotofautisha usiku na mchana kwa mwanga unaoingia machoni. Ugonjwa wa Alzheimer, chanzo kikuu cha dimenshia, huziharibu seli hizo. Uzee nao huigeuza lenzi ya jicho kuwa ya manjano, na kama kuna mtoto wa jicho, mwanga unaopita ni kidogo zaidi. Mzee anayeshinda sebuleni na mapazia yamefungwa, mwili wake haujaambiwa kwamba kumekucha. Chumba chenye taa huwa na mwanga wa lux (kipimo cha mwanga) 100 hadi 300 hivi. Kivulini nje, siku ya jua, hufika 10,000.

Basi atoke. Kati ya saa moja na saa tatu asubuhi akae barazani au chini ya mwembe, nusu saa kwa uchache, saa nzima ikiwezekana, uso ukielekea uwazi na bila miwani ya jua. Asilikodolee jua, kivuli kinatosha. Anywe chai hapohapo, achambue mchicha, asalimiwe na wapita njia. Iwe kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, na usihukumu kabla ya wiki mbili au tatu. Wengi huacha siku ya nne kisha wanasema haikufaa. Kwetu karibu na ikweta jua huchomoza karibu saa ileile mwaka mzima, hiyo ni nafuu kubwa. Aliyemchukua mama yake London ajue kwamba mwezi Desemba jua huko huzama kabla ya saa kumi jioni, na huenda akahitaji taa maalumu ya lux 10,000. Amuulize kwanza daktari wa macho.

Usingizi wa mchana usizidi dakika 20 au 30, uishe kabla ya saa tisa, na alale kwenye kiti. Kitanda kiachiwe usiku. Chai ya majani na kahawa mwisho saa sita mchana. Maji anywe ya kutosha kutwa nzima, lakini baada ya saa kumi na mbili jioni ni mafunda tu.

Jioni washa taa mapema, saa kumi na mbili kasorobo, kabla vivuli havijaingia, na ufunge mapazia. Kioo cha dirisha kikiwa na giza nyuma yake humwonyesha sura yake mwenyewe, naye huona mgeni amesimama nje. Ikifika saa mbili usiku, zima taa nyeupe uwashe balbu ya njano. Kwenye boksi tafuta 2700K, kwa sababu zile za 6500K ndizo nyeupe kama mchana. Mbadilishe nguo. Akilala na dera aliloshinda nalo, akiamka anajiona keshavaa, ni kuondoka tu.

Badala ya saa, tengeneza kibao chenye pande mbili. Upande wa njano: SASA NI MCHANA. Upande wa bluu iliyokolea, maandishi meupe: SASA NI USIKU, TUNALALA. Herufi ziwe na kimo cha sentimita 5 au zaidi, kibao kikae pale macho yanapoangukia akiwa amelala. Wazee wengi wa pwani walijifunza kusoma chuoni, kwenye chuo cha Kurani. Kama wako ni mmoja wao, mwandikie kwa herufi za Kiarabu. Asiyesoma mchoree jua na mwezi. Kibao hugeuzwa na mtu mmoja anayejulikana, maana kikisahaulika kinadanganya kutwa nzima na mzee hatakiamini tena.

Akiamka, usibishane naye wala usiwashe taa kubwa. Msogeze dirishani aone giza, useme maneno yaleyale kila usiku: "Bibi, bado usiku. Kukipambazuka nitakuamsha." Kisha mpeleke choo, uangalie kama ana njaa, joto, mbu au maumivu ya goti. Usimpikie chai. Chai ndiyo asubuhi yenyewe kwake. Anayeamshwa na adhana ya alfajiri mwache aswali, kisha arudi kitandani.

Chunguza na dawa. Dawa za kukojosha kama Lasix zikimezwa jioni zitamwamsha mara kwa mara, na donepezil, dawa ya Alzheimer, ikimezwa usiku huweza kuleta ndoto kali; muulize daktari kama zinaweza kuhamia asubuhi. Piriton ya kumlaza, ambayo watu hugawa kama peremende, iacheni kabisa: inazuia kemikali ileile ya ubongo ambayo Alzheimer imeshaipunguza, na mzee huchanganyikiwa zaidi. Valium, dawa ya kutuliza, humwangusha njiani kuelekea choo. Na kama usiku umeharibika ghafla, ndani ya siku mbili tatu, hilo si suala la mwanga. Mpeleke hospitali akapimwe mkojo, malaria na kifua, na mwulize kama amepata choo.

Mlangoni weka kikengele, na komeo la ziada liwe chini kabisa ambako hatafuti. Ufunguo ubaki mahali ambapo kila mtu mzima wa nyumba anaweza kuupapasa gizani, moto ukitokea.