Nyota ya Burma Tuliichezea, Risiti za Shamba Zilifungiwa Kufuli

Swali lenu la wiki hii linasema: "Je, unamkumbuka mkongwe wa Vita vya Pili vya Dunia aliyeishi karibu nawe, na alikuachia nini?" Ninaye. Ni babu yangu mzaa baba, ambaye sisi wajukuu tulimwita Kuka, kama Wabukusu wanavyowaita babu zao. Alilima Naitiri, huku Bungoma, hadi alipofariki 1998. Alichoniachia ni namna ya kulima mahindi na kuyaweka yasioze. Vita aliviacha hukohuko, kwa kadiri alivyoweza.

Nasema hivyo kwa sababu kwenye matanga yake kila aliyepewa kipaza sauti alianza na Burma, Myanmar ya leo, alikopigana. Chifu, Burma. Pasta, Burma, na Daudi na Goliathi juu yake. Hata omuswali, yule mzee ambaye mazishi yakiisha hutembea katikati ya watu akisimulia koo na nyakati, alikaa Burma muda mrefu mno kwa maoni yangu. Shangazi yangu, aliyekamua ng'ombe wa Kuka tangu utotoni, aliniinamia akaniuliza, "Na ng'ombe je, hawatatajwa?" Hawakutajwa.

Basi hiyo vita tuimalize kwanza. Aliandikwa Keya, yaani King's African Rifles, mwaka 1942. Kikosi chake kilikuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopelekwa Ceylon, Sri Lanka ya leo, 1943, na mwaka uliofuata ikaingia Burma wakati wa mvua kubwa. Walishuka bonde la Kabaw wakiwaandama Wajapani waliokuwa wanarudi nyuma baada ya kushindwa Imphal, India. Barabara ilikuwa tope tupu, na chakula kilidondoshwa na ndege kwa miavuli. Desemba 1944 walifika Kalewa na kuvuka mto Chindwin, na hapo likajengwa daraja la vyuma la futi 1,154, lililokuwa refu kuliko yote ya aina yake wakati huo. Kuka alilisimulia daraja hilo kuliko risasi yoyote. Alichopenda kusimulia kingine ni vidonge vya malaria, mepakrini, ambavyo walimeza kila siku afisa akiwakodolea macho mpaka koo lishuke. Viliwageuza ngozi kuwa ya manjano. "Tulifanana na maembe," alisema, na hapo hadithi ikaisha. Ukimuuliza habari za waliokufa alikutuma ukamletee maji.

Jeshi lilimbakia kwenye mazoea. Chandarua kwake kilikuwa amri zamani kabla ya watu wa afya kuja kuvigawa. Maji ya kunywa yalichemshwa, hata ya mvua. Jumamosi jioni majembe, mapanga na minyororo ya plau vilioshwa, vikapakwa oili chafu na kupangwa ukutani, naye akapita akikagua, mikono nyuma. Tukilima kwa maksai, wakifika mwisho wa mtaro alipaza sauti: "Nyuma, geuka!" Nao waligeuka. Majirani walicheka, ila maksai wao wenyewe walihitaji mtoto wa kuwavuta kamba puani.

Alirudi 1946. Kiinua mgongo cha askari kilipangwa kwa cheo na kwa rangi, kwa hiyo chake kilitosha baiskeli na ndama jike mmoja. Wakati huohuo serikali ya kikoloni ilikuwa na mpango wa kuwapa mashamba Wazungu waliotoka vitani, kama ilivyofanya 1919 baada ya vita vya kwanza. Askari Mwafrika hakuwemo kwenye mpango huo. Kuka akaajiriwa kuendesha trekta kwa mlowezi mmoja ambaye naye alikuwa amepigana Burma. Baba yangu, akiwa mtoto, aliwaona wakiongea habari za Chindwin kwa Kiswahili cha jeshi, wakicheka. Kisha mmoja akaingia nyumbani kunywa chai, mwingine akapanda trekta. Sikuwahi kumsikia Kuka akilalamikia jambo hilo. Nimelalamika mimi kwa niaba yake, tena sana, na sijachoka.

Karibu na Uhuru serikali ikaanza kununua mashamba ya walowezi na kuyakata vipande, ule mpango wa ekari milioni moja. Ndalu, Tongaren na Naitiri zikawa skimu. Wengi wa rika langu hudhani wazee walipewa mashamba hayo bure. Hakukuwa na bure. Ulipewa mkopo wa kulipa kwa miaka 30, na riba juu yake, na hati ya shamba huioni mpaka deni liishe. Mahindi yakinyauka deni halinyauki. Kuka alilipa kwa mahindi, kwa maziwa, na mwaka mmoja kwa kuuza ile baiskeli.

Hapa nieleze jambo ambalo kwangu linamweleza mtu huyu kuliko hotuba zote za matanga. Nyota ya Burma, ile nishani ya shaba yenye pembe sita na utepe wa buluu, mwekundu na rangi ya chungwa, tuliichezea. Aliyekuwa polisi kwenye mchezo ndiye aliyebandikwa. Iliwahi kupotea zizini siku kadhaa, ikaja kupatikana kwenye samadi, na Kuka akacheka tu, akaisugua kwenye suruali. Lakini risiti za mkopo zilikaa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, lenye kufuli, na ufunguo ulining'inia shingoni mwake. Siku moja binamu yangu aliona sanduku liko wazi, akachomoa risiti moja akatengenezea tiara. Ilipaa vizuri, nakiri. Ndiyo siku pekee tuliyomwona Kuka akikata fimbo ya mpera.

Na mahindi sasa. Mwaka 1964 kituo cha utafiti cha Kitale kilitoa mahindi chotara ya kwanza ya huku kwetu, 611, yaliyozalishwa kwa kuchanganya mahindi ya Kitale na mengine yaliyotoka Ekuador. Bwana shamba alisema lazima mbegu inunuliwe kila mwaka, maana ukipanda ulichovuna mazao yanashuka. Watu walinung'unika kwamba ni ujanja wa wenye maduka. Kuka hakubisha wala hakuamini. Aligawa kipande kimoja mara mbili, huku mbegu mpya, huku aliyovuna mwenyewe, samadi sawa, palizi sawa. Wakati wa kuvuna aliwaita majirani wahesabu magunia wenyewe. Baada ya hapo alipanda kwa kamba yenye mafundo, futi moja kati ya shimo na shimo, futi mbili na nusu kati ya mistari, na ole wako umruke fundo.

Kazi yake ya thamani hasa, ukiniuliza mimi, ilikuwa baada ya kuvuna. Mahindi hayakuingia ghalani kwa kubahatisha. Alichukua chupa ya soda iliyokauka kabisa, akatia kiganja cha punje na chumvi kavu kidogo, akaziba kwa gunzi na kutikisa mpaka mkono uchoke, kisha akaiacha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana maji, yarudi juani. Chumvi ikitulia chini bila kushika, twende ghalani. Ghala lenyewe lilisimama juu ya nguzo zilizovishwa bati la debe ili panya ateleze. Naitumia chupa hiyo hadi leo, na mwanangu anayesomea kilimo chuoni ameshanieleza kwamba kuna mashine ya kupima unyevu. Najua ipo. Bei yake pia naijua.

Mhariri ameomba picha ya mkongwe akiwa na nishani zake. Kuka hakuwahi kupigwa picha akiwa amezivaa, na ile nyota iko kwa binamu yangu Webuye, huyohuyo wa tiara. Nimewatumia picha ya risiti ya mwisho ya mkopo. Muhuri umefifia, lakini mkiikuza kidogo inasomeka.