Kuanza chai ya majani mazima: vyombo baadaye, kwanza acha kuyachemsha majani

Mleta mada ameuliza mambo matatu: kwa nini chai ya kijani aliyoletewa na rafiki yake kutoka China ni chungu kama mwarobaini, anunue vyombo gani ili aanze kunywa chai ya majani mazima (yasiyopondwa kuwa chembe), na kama hapa nyumbani yapo majani ya kueleweka au ni mpaka kuagiza. Wachangiaji wa juu wengi wamemkimbiza kwenye vyombo, na wengine wamemwambia aachane na mambo ya wenye hela. Ngoja nijibu kwa kirefu, maana ugonjwa huu ninao siku nyingi.

Mkuu, tuanze na uchungu. Umesema uliyatia majani kwenye sufuria ukayachemsha mpaka maji yakakolea, kama unavyofanya na chai ya kila siku. Majani yako hayajaharibika. Chai ya kijani ya China hukaangwa kwenye karai la moto muda mfupi baada ya kuchumwa ili jani lisigeuke jeusi. Ile ya Longjing ya Hangzhou, ambayo ndiyo yenye jina, fundi huikandamiza kwa kiganja kwenye karai mpaka majani yanalala bapa. Jani la hivyo limebaki na katekini zake karibu zote, na katekini ndizo zenye uchungu na ule ukakasi unaokausha ulimi. Maji yanayotokota huzitoa kwa mkupuo. Maji ya nyuzi 75 hadi 80 hutoa kwanza ule utamu mdogo wa jani na kuuacha uchungu mwingi humohumo ndani.

Huna kipimajoto? Wala hukihitaji. Kama uko Dar, chukua vikombe viwili vya maji yaliyotoka kuchemka, changanya na kikombe kimoja cha maji ya kunywa ambayo hayajawekwa kwenye friji. Utapata nyuzi 75 na ushee. Mwaga juu ya majani, hesabu dakika moja na nusu hadi mbili, chuja, kunywa. Walioko nyanda za juu wapunguze yale ya baridi, kwa sababu Mbeya mjini au Njombe maji huchemka yakiwa kwenye nyuzi 93 au 94 tu, hayafiki 100. Huko huko juu, ukitaka chai nyeusi mwaga maji yakiwa bado yanatokota, usiyaache hata kidogo yapoe.

Na kwa joto hili la Dar kuna njia rahisi kuliko zote. Vijiko vinne au vitano vya chai vya hayo majani ya kijani kwenye lita moja ya maji baridi, funika, tia kwenye friji usiku kucha. Asubuhi chuja. Uchungu utautafuta usiuone.

Sasa nieleze kwa nini tunachemsha, maana hatukuwa wajinga. Mimi nimekulia Rungwe. Huko mashamba ya chai yanaanzia nyuma ya jikoni. Mama wadogo na mashangazi walikuwa wanachuma: majani mawili na chipukizi lake, ukichuma majani magumu karani wa mizani anakurudishia. Mzigo mbichi unapimwa, unapakiwa kwenye gari, unakwenda kiwandani siku hiyo hiyo. Halafu jioni mtoto anatumwa dukani kununua chai ya pakiti. Hakuna aliyeona ajabu, na hata leo ukienda vijiji vya wakulima wa chai utakuta ndivyo hivyo.

Hiyo ya pakiti inatengenezwa kwa njia inayoitwa CTC. Jani likishanyauka hupitishwa kati ya magurudumu ya chuma yenye meno, linapondwa, linararuliwa na kukunjwa kuwa chembe ndogo. Mashine yenyewe ilibuniwa Assam, India, miaka ya 1930 na William McKercher. Karibu chai yote ya Afrika Mashariki ni ya namna hii, na hiyo ndiyo inayokwenda mnadani Mombasa (mnada ulianzia Nairobi mwaka 1956, ukahamia Mombasa mwaka 1969, Dar nako tumeanzisha wetu mwaka 2023). Ukiona gunia limeandikwa BP1, PF1, PD au D1, hayo ni madaraja ya ukubwa wa chembe. PF1 ni chembe ndogo, D1 ni vumbi la daraja la kwanza. Chembe ndogo hutoa rangi haraka, hutoa nguvu, na hilo ndilo linalotakiwa chai ikikutana na maziwa, tangawizi na sukari.

Kwa hiyo sikubaliani na wale wanaosema humu kwamba chai ya pakiti ni takataka. Imetengenezwa kwa kazi yake na kazi hiyo inaiweza. Mimi asubuhi bado nakunywa chai ya maziwa iliyotokota na iliki, na sina mpango wa kuiacha. Ukichukua majani mazima ya bei ukayapika na maziwa, umetupa hela. Maziwa yanafunika kila ulichokilipia. Hivi ni vinywaji viwili. Usihame kimoja kwenda kingine, ongeza tu cha pili, tuseme saa nne au saa kumi jioni.

Chai nyeusi ya majani mazima hutengenezwa kwa njia ya zamani, watu wa viwandani wanaiita othodoksi: jani linanyaushwa, linasokotwa bila kuraruliwa, linaachwa hewani libadilike rangi, kisha linakaushwa. Nyeusi, kijani, nyeupe, na ile ya katikati ambayo Wachina huiita oolong, zote ni mmea mmoja. Tofauti kubwa iko kwenye kiasi jani lilivyoachwa kubadilika kabla ya kukaushwa. Mchaichai, choya na kamomaili ni vinywaji vizuri lakini siyo huu mmea, kwa hiyo kanuni za hapa hazivihusu. Vinywaji hivyo chemsha upendavyo.

Majani ya hapa nyumbani. Yapo, na ningekushauri uanzie hapo. Njombe kuna shamba la Luponde ambalo limejulikana kwa kulima bila kemikali na kutengeneza othodoksi, na pakiti zao nimewahi kuzikuta kwenye maduka makubwa ya Dar. Ukizikosa, uliza tu chai nyeusi ya majani mazima ya Tanzania, Kenya au Rwanda, kisha itazame kabla ya kulipa. Iwe imesokotwa nyembamba, siyo vumbi, na ukiona ncha za rangi ya dhahabu hizo ni machipukizi. Chukua gramu 50, usinunue kilo kwa ushabiki.

Tengeneza hivi. Kikombe cha mililita 200 kinataka gramu mbili na nusu hivi. Hapa vijiko vinadanganya: kijiko kimoja cha chai ya chembe ni gramu tatu hivi, lakini majani mazima yanajaza kijiko kwa hewa, unaweza usifike gramu mbili. Weka kijiko na nusu. Maji yanayotokota, dakika tatu, chuja.

Kisha, kabla hujanywa, chukua jani moja lililolowa ulikunjue kwa vidole kwenye sahani nyeupe. Linatanuka lote: unaona mshipa wa katikati, unaona kingo zenye meno madogo, rangi imekuwa ya shaba iliyoiva. Mara nyingine unakuta kikonyo kimeshika majani mawili na chipukizi kama kilivyochumwa. Mimi nilipoliona hilo mara ya kwanza niliwakumbuka mashangazi, maana ndicho walichokuwa wakichuma mvua ikiwanyeshea, na hatukuwahi kukiona kwenye kikombe. Fanya hivyo hivyo na chai ya pakiti: utapata uji wa chembe, huwezi kujua kilichomo. Hiki ndicho kipimo changu mpaka leo, nakiamini kuliko maneno yaliyoandikwa kwenye kopo. Majani yakiwa yamechanikachanika na vijiti vingi, muuzaji amekuuzia mabaki.

Usitegemee kuipenda siku ya kwanza. Mdomo uliozoea vijiko vitatu vya sukari utakuambia hayo ni maji ya rangi. Njia iliyonifaa mimi ilikuwa kupunguza sukari kidogo kidogo kwenye chai ya maziwa pia, siyo kwenye hii tu, na kunywa hii mpya na kitu kisicho na sukari nyingi: karanga za kuchemsha, muhogo, kiazi kitamu kilicholala. Vitumbua na kalimati viache pembeni, vinaua kila kitu mdomoni. Baada ya muda unaanza kusikia vitu: nyeusi ya nyanda za juu ina harufu ya matunda, na baada ya kumeza kinabaki kitu kwenye koo. Hapo umeshanasa.

Maji nayo, ndugu zangu wa Dar. Maji ya kisima yenye chumvi yanaua chai yoyote. Ule utando unaong'aa juu ya kikombe ukipoa siyo uchafu wa majani, ni madini ya maji yamekutana na chai. Kamulia tone la limau uone: utando unatoweka na rangi ya chai inafifia papo hapo. Tumia maji yaliyochujwa au ya chupa yasiyo na madini mengi. Nimeona watu wakibadilisha majani mara tatu wakati shida ilikuwa maji.

Vyombo, sasa. Chujio lile lile la chai, vikombe viwili, basi. Kikombe kimoja cha kulowekea, kimoja cha kuchujia. Kama kuna buli kabatini, vizuri. Chupa ya chai inafaa sana kuhifadhia maji ya moto ya kikombe cha pili na cha tatu, ila isiwe ile inayobeba maziwa na tangawizi, harufu haitoki hata uisugue vipi. Vile vitufe vya chuma vyenye matundu vinavyouzwa mitandaoni usinunue. Majani yanabanwa humo, hayatanuki. Mizani ndogo ya jikoni ukiwa nayo itumie, usipokuwa nayo usiumie.

Ukishaizoea ya Njombe, hatua inayofuata ningesema ni chai ya zambarau ya Kenya. Aina hiyo, TRFK 306/1, ilitolewa kwa wakulima mwaka 2011 na kituo cha utafiti cha Kericho, na jani lake bichi kweli ni zambarau. Tafuta iliyotengenezwa kwa njia ya kijani, tia limau, rangi inageuka ya waridi mbele ya macho yako. Watoto wanaipenda kwa hilo tu. Halafu Tieguanyin, oolong ya Anxi, Fujian, China, inapatikana kwenye maduka ya vyakula vya Kichina. Hii ndiyo yenye faida kwa mfuko, majani yake yaliyoviringwa kama vidonge unayamwagia maji mara nne au tano na kila mara ladha inabadilika. Pu'er, chai iliyovundikwa ya Yunnan, China, iache kwanza, ina harufu ya udongo uliolowa na imewakimbiza wengi. Lapsang Souchong, chai nyeusi ya China, inakaushwa kwa moshi wa misonobari. Aliyekulia kwenye jiko la kuni ataijua kabla hajaonja.

Kuna mchangiaji kasema kijani inayeyusha kitambi. Usiinunue kwa ajili hiyo. Ninachoweza kukuambia ni kwamba chai, iwe ya rangi gani, inapunguza uwezo wa mwili kunyonya madini ya chuma kutoka kwenye chakula, kwa hiyo wajawazito na wenye upungufu wa damu waipishe saa moja na chakula. Na kafeini imo, hata kwenye kijani na nyeupe. Saa tatu usiku siyo saa yake.

Gharama watu wanaiogopa bure. Gramu 50 ni vikombe 20, na majani mazima mengi yanakubali maji ya pili, hivyo hesabu vikombe 40 halafu ulinganishe na soda.

Kuhifadhi: kopo linalofunga, mbali na jiko na mbali na viungo. Majani ya chai yanavuta harufu. Wachina wanatengeneza chai ya yasmini kwa kulaza maua pamoja na majani usiku, na kabatini kwako karafuu itafanya kazi hiyo hiyo bila kuombwa. Nyeusi ikifungwa vizuri inakaa mwaka na zaidi. Hiyo kijani yako kwa kuwa kopo limeshafunguliwa, imalize ndani ya miezi michache. Ukijaribu maji ya 75 na bado ikawa chungu, punguza iwe dakika moja. Ikishindikana weka hapa picha ya majani yaliyolowa, yakiwa yamekunjuliwa kwenye sahani nyeupe, tuyaangalie.