Kachanjwa rota, mbona bado anaharisha?

Wiki hii karibu barua zote zimehusu watoto wa chini ya miaka miwili, kuharisha na chanjo ya rota, kirusi kinachowaharisha watoto. Nimechagua tano.

Daktari shikamoo. Mwanangu wa miezi tisa alipata dozi zote mbili za matone ya rota. Juzi kaharisha na kutapika siku tatu. Au chanjo ilikuwa mbovu? (Mama, Mbagala)

Marahaba, mama. Si lazima iwe mbovu. Kuharisha kunaletwa na wadudu wengi, na chanjo hii inamkinga na rota tu. Hata kwa rota yenyewe, kazi yake kubwa ni kuzuia ule ugonjwa mkali unaomlaza mtoto wodini na dripu mkononi. Tena kwetu inakinga pungufu kuliko Ulaya. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kutoka Malawi na Afrika Kusini, ilipunguza rota kali kwa takriban asilimia 61 katika mwaka wa kwanza wa mtoto. Malawi peke yake ilikuwa 49. Kuna wanaokunja uso wakisikia 49. Mimi niliyezoea wodi ya watoto naona vitanda nusu vikiwa vitupu.

Mama mkwe anasema mtoto anaota meno. Jirani anasema ni meno ya plastiki, yang'olewe. Nimsikilize nani? (Dada, Singida)

Usimsikilize yeyote, ila jirani ndiye wa kumkimbia. Yanayoitwa meno ya plastiki ni machipukizi ya meno ya chonge ndani ya ufizi, na kila mtoto anayo. Kuyachokonoa kwa spoku ya baiskeli kunaleta kuvuja damu, usaha, pengine pepopunda. Wakati wa kuota meno ndio wakati mtoto anaanza kutambaa na kutia kila kitu mdomoni, na ndipo rota inapomkuta. Kwa kawaida rota hukoma yenyewe kati ya siku ya tatu na ya nane, kwa hiyo aliyeng'oa siku ya nne anaonekana fundi.

Duka la dawa wamenipa Flagyl na dawa ya kufunga tumbo. Nimpe? (Baba, Tanga)

Hapana. Rota ni kirusi, Flagyl haikigusi, na dawa za kufunga tumbo ni hatari kwa mtoto mdogo. Nunua ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji) na vidonge vya zinki: miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14; aliye chini ya miezi sita, miligramu 10 kwa siku. Ukiona damu kwenye choo, mpeleke zahanati, hiyo ni habari nyingine.

Kila nikimpa ORS anatapika yote. (Mama, Moshi)

Nadhani unampa kwa kikombe, naye kwa kiu anagugumia. Akitapika, subiri dakika 10, kisha anza upya kwa kijiko cha chai, kimoja kila dakika moja au mbili. Inachosha, najua, hasa usiku. Soma pakiti kabla ya kuchanganya: nyingi ni za lita moja, nyingine za nusu lita. Usigawe unga kwa kukisia, na kilichobaki baada ya saa 24 mwaga. Kila akiharisha, aliye chini ya miaka miwili anywe mililita 50 hadi 100. Ziwa lisikome. Soda na juisi za dukani acha, sukari yake huzidisha kuharisha. Macho yakidumbukia, akilegea, akishindwa kunywa, au ngozi ya tumbo ukiifinya ikachelewa kurudi, usingoje asubuhi.

Tulikuwa kijijini, mtoto ana miezi minne na hajapata rota. Tumechelewa? (Bibi, Morogoro)

Shikamoo bibi. Ratiba ni wiki ya 6 na ya 10, lakini mpeleke kesho pamoja na kadi ya kliniki. Zamani dozi ya kwanza haikutolewa baada ya wiki 15, kwa hofu ya utumbo kujiingiza ndani ya utumbo, tatizo lililofanya chanjo ya kale, RotaShield, iondolewe Marekani mwaka 1999. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lililegeza sharti hilo, kwa kuwa watoto wengi waliochelewa walikuwa wakikosa kinga kabisa. Tatizo lenyewe ni nadra sana. Ila akirudi kutoka chanjo, siku zinazofuata akawa analia kwa vipindi huku akikunja miguu, anatapika, na choo kina damu ya utelezi, nendeni hospitali siku hiyohiyo.