Mkia Uliopinda Haukupindwa na Mtu

Msomaji mmoja ameniandikia: "Shikamoo Mwalimu. Nimepewa paka mdogo wa miezi mitatu. Ncha ya mkia wake imegeukia pembeni kama ndoano, na aliyenipa anasema ndivyo alivyozaliwa. Mimi nikimweleza mtu nasema paka wangu ana mkia uliokunjwa. Dada yangu ananisahihisha: mkia uliovunjika. Mume wangu anasema tusijisumbue, huyo ni kilema basi. Nani kati yetu yuko sahihi?"

Marahaba, binti yangu. Hakuna hata mmoja. Mkia wa paka wako umepinda. Sema "mkia uliopinda", au ukitaka kueleweka zaidi, "mkia uliopinda nchani". Swali lako limekwisha hapo. Lakini umenitajia "uliokunjwa", na neno hilo pamoja na ndugu zake limenikera kwa miaka mingi, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Siku hizi kila kitu kilicho katika hali fulani kinabandikwa -wa. Nasoma "suruali iliyochanwa" kumbe imechakaa tu gotini. Nasoma "gari lililoharibiwa" kumbe limezimika lenyewe njiani. Nimesoma "mtoto aliyezaliwa na miguu iliyopindwa", nikafunga ukurasa. Kiswahili hiki hakitoki vinywani mwa watu. Kinatoka kwa wafasiri wanaokutana na neno la kigeni linaloeleza hali, wakalitwika kauli ya kutendwa bila kujiuliza: nani katenda? Maana -wa haiji peke yake. Ukisema kitu kimefanywa, yupo aliyekifanya. Unaweza usimtaje, unaweza usimjue, lakini yupo, na msikilizaji ana haki ya kuuliza jina lake.

Nendeni mkamsikilize mtoto wa miaka minne aliyesimama mbele ya vipande vya kikombe. Mama anauliza, "Nani kavunja kikombe?" Mtoto anaangalia sakafu, anasema, "Kimevunjika." Hasemi kimevunjwa. Anajua, bila kufundishwa na mtu, kwamba akisema kimevunjwa swali la pili litakuwa "na nani?", na jibu la swali hilo analo yeye mwenyewe. Kwa hiyo anaikimbilia -ika. Maziwa? Yamemwagika. Daftari? Limechanika. Utetezi mzima wa utoto umejengwa juu ya -ika, na hakuna mtoto anayeikosea hata mara moja, hata akiwa analia, hata akiwa ameshikwa mkono. Mama naye haikosei. Anajibu papo hapo: "Hakikuvunjika, kimevunjwa, na aliyekivunja namwona!" Mabishano yote hayo ya dakika moja yanasimama juu ya silabi moja. Halafu mhariri mwenye shahada mbili anaandika "kikombe kilichovunjwa" kwa kila kikombe chenye ufa, na hasikii kwamba amemtuhumu mtu.

Nina sababu yangu ya kulishikilia jambo hili. Miaka kadhaa iliyopita nilimpeleka paka wetu kwa daktari wa mifugo kwa ajili ya chanjo. Aliyembeba ni mpwa wangu, msichana wa miaka tisa, ambaye hakukubali paka huyo apakatwe na mtu mwingine yeyote. Mkia wa paka ulikuwa na kifundo karibu na ncha, tangu tumboni mwa mama yake. Ukipitisha vidole juu ya manyoya unahisi pingili moja baada ya nyingine, laini, laini, laini, kisha kitu kigumu kama punje ya mahindi, kisha mkia unachukua njia nyingine. Karani wa mapokezi aliuliza kama mnyama ana alama yoyote. Nikasema, "Mkia umepinda, alizaliwa hivyo." Akaandika kwenye kadi: "Mkia umepindwa." Daktari akaisoma kadi, akauinua mkia, akamgeukia yule mtoto: "Nani alimfanyia hivi paka?" Mpwa wangu hakuweza kujibu. Alilia njia nzima ya kurudi nyumbani. Daktari simlaumu, alisoma kilichoandikwa. Kadi ilisema kuna mtu.

Sasa tuyatazame maneno yenyewe, maana Kiswahili kimekupa, binti yangu, maneno mazuri kwa mkia huo.

Kupinda ni kitenzi cha ajabu kidogo. Kinaweza kubeba mtendwa (fundi anapinda chuma) na kinaweza kusimama peke yake (njia inapinda). Humo ndimo tunamopata upinde, na pindo la nguo. Kikisimama peke yake hakihitaji -ika wala -wa. Pembe ya ng'ombe imepinda. Mto umepinda. Hakuna anayedhani pembe ile iliwahi kunyooka, kisha ikaja siku mbaya. Kwa hiyo "umepinda" ndilo neno linalotosha mkia uliozaliwa hivyo: linataja umbo, halisimulii tukio. Wapo wanaosema "umepindika". Silipendi, kwa kuwa linaongeza kiungo ambacho kitenzi hakikukiomba, lakini nalisikia kwa watu wazima ninaowaheshimu, basi nalipisha.

"Uliopindwa" silipishi. Na ukimpa fundi cherehani neno hilo ataelewa kitu kingine kabisa, maana kupinda nguo ni kukunja ncha yake na kuishona. Mkia uliopindwa, kwake, ni mkia uliotiwa pindo.

Kukunja je? Hapa ndipo ulipoteleza wewe, na ni mahali penye utajiri. Kinachokunjwa hukunjuliwa. Jamvi, shuka, ngumi, hata uso: aliyekunja uso akiukunjua tunamwita mkunjufu. Kunja na kunjua ni mlango mmoja, unaingia na kutoka. Kupinda hakuna njia hiyo ya kurudi. Pindua ipo, lakini maana yake ni kugeuza juu chini. Kilichopinda hakipinduliwi kikawa sawa, hunyooshwa, kama kinanyoosheka.

Na paka wanaitii sarufi hii kuliko wahariri. Paka akilala huuzungusha mkia mpaka puani: ameukunja. Akiamka, anaukunjua. Wapo hata paka wanaoubeba mkia umeviringika juu ya mgongo kama bangili. Huko Marekani, California, paka wa namna hiyo aliyepatikana mwaka 1998 ndiye aliyeanzisha uzao unaoitwa American Ringtail. Mifupa ya mkia wake ni mizima na inacheza, anaweza kuunyoosha akitaka. Huyo mwambie "anaukunja mkia". Hata "mkia unakunjika" ni sahihi, maana -ika katika wakati uliopo husema jambo linawezekana, kama tunavyosema chakula kinalika. Lakini mkia wa paka wako haukunjuki. Ndani yake kuna pingili iliyoumbika upande kama kabari, au pingili mbili zilizoshikana zikawa kitu kimoja. Mkia wa paka huwa na pingili kati ya 18 na 23 hivi, na inatosha moja kuumbika hivyo ili mkia mzima uchukue kona.

Hakuna aliyeufanyia hivyo. Ni urithi. Mwaka 1868 mwanasayansi Charles Darwin aliandika kwamba katika visiwa vya Malaya, na pia Siam (Thailand ya leo) na Burma (Myanmar ya leo), paka wana mikia mifupi, mara nyingi yenye kama fundo mwishoni. Paka wa Siam wa mwanzo kuonyeshwa London, mwaka 1871, walitoka katika jamii hiyo ya mikia yenye vifundo, na wafugaji wa mashindano wametumia miaka mingi kukiondoa kifundo hicho. Leo kikionekana jukwaani ni kasoro. Mwaka 2016 watafiti walieleza badiliko katika jeni iitwayo HES7 kwa paka wa Asia wenye mikia mifupi, jeni inayoongoza namna uti wa mgongo unavyogawanyika kuwa pingili wakati kijusi kinaumbika. Mkia ulishapinda kabla paka hajafumbua macho.

Wapenzi wa paka wa Siam wana ngano ya binti wa mfalme aliyekuwa akimvisha paka wake pete zake mkiani kila alipokwenda kuoga, na paka akaupinda mkia ili pete zisidondoke. Katika ngano hiyo, na humo tu, nakubali "mkia uliopindwa", kwa kuwa mtendaji tunamjua: ni paka mwenyewe.

Dada yako naye. "Uliovunjika" angalau hautuhumu mtu, lakini unasimulia ajali. Kilichovunjika kilikuwa kizima jana. Na neno hilo ukiliingiza kwa daktari litamfanya aache kila kitu, na ni haki yake. Mkia ukivutwa kwa nguvu, au ukibanwa na mlango, au gari likiupitia, mishipa ya fahamu inayotoka mwisho wa uti inaweza kukatika, na mishipa hiyo ndiyo inayotawala kibofu cha mkojo na haja kubwa pia. Daktari akisikia "umevunjika" atalibonyeza tumbo kuona kama kibofu kimejaa, ataubana mkia kuona kama unasikia maumivu, atataka picha ya eksirei. Paka aliyeamka na mkia unaoning'inia kama kamba, hauinui, na mkojo ama umeziba ama unamtoka bila kujua, huyo apelekwe siku hiyo hiyo, na hapo neno la dada yako ndilo neno. Alitunze kwa siku hiyo.

Kwa mume wako sitakaa sana. Kilema ni hitilafu inayomzuia mtu au mnyama kufanya jambo. Mtazame paka huyo akiruka kutoka sakafuni hadi dirishani, kisha umuulize mumeo kilema kiko wapi. Aseme kifundo, kama anataka nomino fupi. "Paka mwenye kifundo mkiani" ni Kiswahili kizuri.

Jambo moja la haraka, maana katika barua yako nyingine uliandika "mkia iliyopinda": mkia mmoja umepinda, mikia ndiyo iliyopinda. Mkia wenyewe ni neno la zamani sana katika lugha za Kibantu. Waganda wanasema omukira, Wazulu umsila, sisi tumeidondosha konsonanti ya mwisho tu.

Mwisho unaniambia jirani amekushauri uwe unaunyoosha mkia huo kidogo kidogo kila jioni, kwa kuwa samaki mkunje angali mbichi. Mwambie jirani kwa heshima kwamba methali inasema mkunje, haisemi mnyooshe, na inasema samaki. Pingili zilizoshikana hazinyooki kwa vidole. Ukizilazimisha ndipo utakapoumiza, na ndipo mkia utakapokuwa umevunjwa kweli, kwa -wa, na aliyeuvunja tutamjua. Uguse taratibu unapompakata, akikuruhusu, na uuache ulivyopinda.