Je, tatuu ni lazima iwe na maana? Jibu refu la mwenye chura mguuni

Mkuu, umeuliza mambo matatu: kama tatuu ya kwanza ni lazima ibebe maana nzito, uiweke wapi mwilini, na uwajibu nini watakaokuuliza inamaanisha nini. Ukasema unafikiria kuandika neno la kujitia nguvu kwenye kifundo cha mkono, upande wa ndani, ila hofu ya kujuta inakurudisha nyuma. Mimi nimechorwa mara kadhaa, kwa miaka mingi sasa, na nimekaa sana kwa wachoraji nikisubiri zamu yangu au nikimsindikiza mtu. Nitajibu kwa urefu, mwenye haraka atanisamehe.

Nianze na hiyo hofu ya kujuta, kwa kuwa ndiyo inayoamua mengine.

Wanaojuta niliokutana nao, wachache sana wanalalamikia mchoro mbaya. Mchoro mbaya mtu huuzoea, akaucheka, au akaufunika kwa mwingine. Kinachowatesa ni maandishi yaliyokuwa yanaizungumzia kesho. "Wako milele." "Sitaanguka tena." "Hakuna wa kunizuia." Kesho inakuja na mambo yake, na yale maneno yanabaki palepale ngozini yakidai deni. Rafiki yangu aliandika kifuani kwamba hatagusa pombe tena. Akairudia. Aliniambia kila akivua shati kuoga alijiona mshitakiwa anayesomewa mashitaka. Baadaye aliacha kweli, mpaka leo haigusi, na ni baada ya kuacha ndipo alipokwenda kuyafunika maneno yale kwa majani meusi. Nilimuuliza kwa nini ayafiche sasa, wakati ndiyo kwanza yamekuwa kweli. Akasema hataki kuishi na msimamizi kifuani.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: chora kilichokwisha kutokea, ahadi ziache mdomoni. Tarehe aliyozaliwa mwanao imekwisha kutokea. Anaweza kukua akakukosea adabu, akahama, akakunyima simu, lakini siku ile alizaliwa na hakuna wa kuifuta. Jina la mzazi aliyefariki ni hivyohivyo. Jina la mpenzi ndilo lenye utata, na wachoraji wanalijua hilo kuliko sisi. Niliowazoea wanachora jina la mama bila swali, ila ukitaja la mpenzi wanakuuliza mara mbili, na mmoja ana kawaida ya kumwambia mteja akalale kwanza. Ukimchora kama mtu uliyempenda, hutakuwa umesema uongo hata mkiachana. Tatizo wengi humchora kama mtu watakayezeeka naye, na hilo kalamu haina uwezo nalo.

Utaniambia, mbona watu huchora alama za matumaini na zinawafaa? Kweli. Chukua ile nukta mkato (;) iliyosambaa duniani kupitia Project Semicolon, kampeni ya kuwatia moyo watu wanaopambana na mawazo ya kujiua, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2013 na Amy Bleuel. Wanaoivaa wengi ni watu waliowahi kutaka kujiua, au waliojeruhi miili yao, au waliofiwa na mtu aliyejiua. Mwandishi huweka nukta mkato pale ambapo angeweza kuimaliza sentensi lakini hakuimaliza. Itazame vizuri: haiahidi kwamba giza halitarudi. Inasema siku fulani sentensi ingeweza kuishia pale na haikuishia. Hilo limeshatokea, na hata siku mbaya zikirudi halibatiliki. Bleuel mwenyewe alifariki mwaka 2017, na watu hawakwenda kufuta zao.

Sasa suala la uzito. Hapa natofautiana na wale wanaosema tatuu isiyo na maana ni uchafu wa ngozi. Nina mbili nitakazozitaja.

Ya kwanza iko mkononi, juu ya kiwiko, na imeandikwa "Funga mlango wa nyuma". Ni mwandiko wa mama yangu. Alipofariki nilipekua vitu vyake nikitafuta kitu cha kuchora, na nilikuwa na barua zake nzuri, zenye dua na mausia, za kumliza mtu. Nilichochukua ni kikaratasi alichokibandika kwenye jokofu kabla ya safari fulani ya kawaida kabisa. Sababu ni kwamba kwenye zile barua mama alikuwa anaandika kwa utaratibu, herufi zimenyooka, anajua zitatunzwa. Kwenye kikaratasi alikuwa na haraka, "g" imekatika mkia, "l" imelala. Ndivyo alivyokuwa. Mchoraji alikipiga picha, akakikuza kidogo, akatoa stensili, yaani karatasi ya kuhamishia mchoro kwenye ngozi, na alitaka kuirekebisha ile "g". Nikamwambia aiache, ndiyo niliyoifuata. Watu wakisoma wanacheka, na mimi nacheka nao; mama naye angeuliza kama mlango umefungwa.

Ya pili ni chura. Yuko nyuma ya mguu, chini ya goti. Mchoraji yule alikuwa hodari wa vyura kuliko kitu kingine chochote, ukutani kwake kulikuwa na vyura wa kila mkao, nikampenda mmoja aliyekaa kama mzee anayesubiri kitu. Basi. Nilitegemea kwamba miaka ikipita atapata maana yake, maana ndivyo watu wanavyosema: utaona, itakuja yenyewe. Haijaja. Ni chura tu na bado nampenda. Nikimtazama sikumbuki lolote, wala sifundishwi lolote, na kuna siku hilo ni pumziko kubwa kuliko ile ya mama.

Ninachotaka uone ni kwamba maana haimo ndani ya mchoro. Mfano mzito kuliko yangu: wafungwa wa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, walichorwa namba mkononi kwa lazima, ili wahesabiwe kama mali. Miaka mingi baadaye wapo wajukuu wao waliokwenda kwa hiari kuchorwa namba zilezile za babu na bibi zao. Tarakimu ni zilezile, mahali ni palepale, na bado hazisemi kitu kimoja. Wapo ndugu wa familia hizohizo waliokasirika sana, na siwezi kuwalaumu.

Hata zile za kale sana hatuna hakika kama zilikuwa na maana ya aina tunayoitafuta sisi. Ötzi, yule mtu aliyekutwa kwenye barafu ya milima ya Alps mwaka 1991, aliishi zaidi ya miaka 5,000 iliyopita na ana alama 61 mwilini. Nyingi ni vistari na misalaba midogo, kiunoni, magotini, kwenye vifundo vya miguu. Ni sehemu ambazo mifupa na viungo vyake vilikuwa vimechakaa, ndiyo maana watafiti wengi wanadhani zilikuwa tiba ya maumivu. Yaani huenda ukimuuliza zinamaanisha nini angekujibu: mgongo unaniuma.

Dada yangu alipotibiwa saratani kwa mionzi alitiwa nukta ndogo za wino kifuani, ukubwa wa kichwa cha pini, ili kila akilazwa chini ya mashine wampange palepale pa jana. Hakuchagua, hakuulizwa anapenda wapi. Matibabu yalipokwisha aliambiwa anaweza kuziondoa kwa leza. Hajaziondoa. Nilipomwonyesha mwandiko wa mama aliusifu, kisha akafungua kifungo cha blauzi akasema, "Zangu zilikuwa na kazi." Sikuwa na la kujibu.

Haya, mahali pa kuchora. Ukisema kifundo cha mkono kwa ndani, napata wasiwasi kidogo, na hauhusu maana. Unahusu ukubwa wa herufi. Wino hauwekwi juu ya ngozi. Sindano inaupeleka tabaka la pili, kina cha kama milimita moja hadi mbili, kwa kuwa tabaka la juu linajibadilisha lenyewe kila baada ya wiki chache na lingeondoka na mchoro wako. Huko chini mwili unauona wino kama mgeni, na seli za kinga zinaumeza. Mwaka 2018 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwenye panya kwamba seli hizo zikifa zinauachia wino, na seli mpya zinazochukua nafasi zinaumeza tena palepale. Kwa hiyo tatuu inayoonekana imetulia inapokezanwa muda wote, na miaka ikipita mistari hutanuka. Herufi zilizobanana leo, baada ya miaka "e" na "o" zinaweza kufanana. Neno refu kwenye eneo dogo la kifundo ni kutafuta hilo kwa makusudi. Panua herufi, achanisha nafasi, au sogea juu kwenye mkono ambako kuna uwanja.

Vidole na viganja vinafifia haraka. Mbavu zinauma, usidanganywe. Begani na mkono wa juu kwa nje ndiko kwa mtu anayeanza.

Kama ngozi yako ni nyeusi kama yangu, angalia mambo mawili zaidi. Mosi, mwombe mchoraji picha za kazi zake kwenye ngozi ya rangi yako, na ziwe za tatuu zilizokwisha kupona, kwa sababu siku ya kwanza kila kitu kinang'aa. Anayekwambia ngozi nyeusi haishiki wino, muage kwa heshima. Yeye ndiye hajajifunza. Pili, keloidi. Ukiwa na kovu lililovimba kupita kidonda chenyewe, au wazazi na ndugu zako wanayo, hatari yako ni kubwa, na kifua na mabega ndiko zinakopenda kutokea. Hapo nenda kwa daktari wa ngozi kabla ya mchoraji. Na kama unataka kuchora juu ya kovu la operesheni, liache likomae, likiwa bado linabadilika rangi halijawa tayari.

Usafi sitaurefusha: sindano ifunguliwe mbele ya macho yako, wino umiminwe kwenye kikombe kipya kinachotupwa, glavu zibadilishwe akigusa simu. Homa ya ini aina ya B na C zinapita kwenye sindano chafu. Jiji la New York lilipiga marufuku tatuu mwaka 1961 kwa hoja ya homa ya ini, na marufuku ikadumu hadi 1997. Ukiwa ni mchangiaji wa damu, uliza kwanza. Uingereza, kwa mfano, wanakutaka usubiri miezi 4 baada ya kuchorwa.

Wanaosema "kuna leza, ukijuta futa" wanarahisisha. Leza inavunja wino vipande vidogo ili mwili uvibebe, sehemu ikiishia kwenye tezi za limfu, zile zinazochuja uchafu mwilini. Inataka vipindi vingi vyenye wiki kadhaa katikati, nyeusi inatoka kirahisi kuliko njano na kijani, na kwenye ngozi nyeusi isipofanywa na mjuzi inaacha mabaka. Rafiki yangu wa pombe aliulizia, akaamua majani.

Swali lako la mwisho, uwajibu nini watu. Huwiwi na mtu. Nimezoea kuwa na majibu mawili kwa ile ya mama. Kwa mtu wa kwenye foleni nasema "ni kikumbusho, nasahau sana milango", anacheka, tunaendelea. Kwa mtu ninayempenda nasema ni mwandiko wa nani. Kama unaona jibu la kwanza litakukera kulitoa kila wiki, weka mchoro mahali nguo inapofunika. Hilo nalo ni sababu ya kutosha ya kukikwepa kifundo cha mkono, ambako hata muuza duka atakusoma wakati unahesabu chenji.

Kuhusu neno lako la kujitia nguvu: ukilitaka sana, jiulize ni lini ulilifanyia kazi. Kama ipo siku unayoweza kuitaja, chora kitu cha siku ile, hata kiwe kidogo na cha kijinga, tiketi, namba ya chumba, umbo la dirisha. Kama siku hiyo haipo bado, mtafute mchoraji hodari wa vyura.

Ukifika uamuzi, mwambie akubandikie stensili kisha utembee nayo nusu saa, ukae, unyooshe mkono, ujitazame kwenye kioo kabla sindano haijawashwa. Na kama ni maandishi, tupia picha ya stensili hapa kwanza tukukagulie tahajia. Kuna mtu humu ndani ana "Mugnu" mgongoni.