Maswali na Majibu: Kompyuta Imewaka Kupitia Diski Ipi?

Nimenakili diski ya zamani yote kwenye SSD mpya, na zote mbili zimo ndani. Windows imewaka na C ipo. Nitajuaje inayotumika?

Herufi C haikusaidii. Windows iliyowaka kwa kawaida hujipa C, iwe imetoka diski ya zamani au mpya. Fungua PowerShell uandike:

`Get-Disk | Select Number, FriendlyName, SerialNumber, IsBoot, IsSystem`

Penye IsBoot pakisoma True, hiyo ndiyo diski yenye Windows unayoitumia sasa hivi. Itambue kwa modeli kwanza, kwani serial namba ya diski za NVMe (aina ya SSD yenye kasi) wakati mwingine haifanani na ya kwenye lebo.

Kwangu IsBoot ni True kwenye diski 1, lakini IsSystem ni True kwenye diski 0. Naweza kufomati 0?

Usiifomati bado! IsSystem inaonyesha zilipo faili za kuwashia, yaani patisheni (sehemu iliyotengwa ya diski) ndogo ya EFI, mara nyingi ya MB 100. Hali hii hutokea sana Windows ikiwekwa huku diski zote mbili zimechomekwa: hutumia EFI iliyoikuta. Ukifuta diski 0, Windows itabaki nzima kwenye diski 1 lakini kompyuta haitawaka.

Tenga patisheni ya EFI kwenye diski 1 kwa diskpart (programu ya Windows ya kugawa diski), ifomati FAT32, ipe herufi S, kisha kwenye Command Prompt ya msimamizi:

`bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI`

Zima, chomoa diski 0, washa. Ikiwaka bila diski 0, hapo ndipo ufomati. Jaribio hili usiliruke, hata kama amri imejibu vizuri.

Kwenye Linux, jana diski ilikuwa sda, leo ni sdb. Nifuate nini?

Majina hayo hutolewa kwa jinsi diski zilivyogunduliwa wakati wa kuwaka, kwa hiyo hubadilika. Andika `findmnt /` upate patisheni, kisha `lsblk -o NAME,MODEL,SERIAL` uone ni ya diski gani. Angalia pia `findmnt /boot/efi`, zilipo faili za kuwashia. Huenda ikawa diski nyingine.

Kama ulinakili kwa dd (amri ya kunakili diski nzima), UUID, yaani namba za kutambulisha patisheni, zimefanana na mfumo unaweza kushika yoyote kati ya hizo mbili. Chomoa moja kabla ya kuwasha.

Na Mac?

Kwenye Terminal, `diskutil info /`. Mstari wa Device Location husema Internal kwa diski ya ndani, External kwa ya nje.